Injini ya kupachika au dizeli ya ndani: ipi inakifaa chombo chako?

Mtu anayetafuta injini ya chombo kidogo cha kazi, kiwe cha uvuvi, cha kuvusha abiria au cha kubeba shehena, kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni nguvu za farasi ngapi zitamtosha, kisha huuliza bei, na mwishowe huchukua ile ambayo fundi wake ameizoea. Maswali hayo yote yana nafasi yake, lakini naamini yanatanguliwa na jingine: je, chombo chenyewe hupasua maji au huparaza juu yake? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama fedha za mafuta kwa miaka yote ijayo zitasukuma chombo au zitachafua tu maji nyuma ya tezi, yaani upande wa nyuma wa chombo.

Ulinganisho huu unahusu vyombo vya urefu wa mita 5 hadi 12 hivi, na injini za aina tatu ambazo ndizo zinazofikiriwa zaidi kwa vyombo hivyo: injini ya kupachika (inayofungwa nje, kwenye tezi) ya petroli yenye mipigo miwili (pistoni hukamilisha mzunguko wa kazi kwa miendo miwili), injini ya kupachika ya petroli yenye mipigo minne (kwa miendo minne), na injini ya dizeli inayofungwa ndani ya chombo na kuzungusha rafadha (panga linalosukuma maji) kwa shafti, yaani mhimili wa chuma.

Bodi (mwili wa chombo) kwanza, injini baadaye

Chombo cha kupasua maji, yaani kile kizito chenye mkuku (uti wa chini wa chombo) na tumbo la mviringo, kinapokwenda husukuma maji pembeni, na maji hayo hujenga wimbi moja kwenye omo (upande wa mbele) na jingine kuelekea tezi. Kasi inapoongezeka, mawimbi hayo hutanuka, mpaka urefu wa wimbi unalingana na urefu wa chombo. Hapo tezi huanza kuzama kwenye bonde la wimbi, omo hunyanyuka, na kila nguvu inayoongezwa huishia katika kukuza wimbi badala ya kuongeza mwendo. Kikomo hicho hukadiriwa kwa hesabu nyepesi: chukua urefu wa chombo kwenye usawa wa maji kwa mita, tafuta mzizi wake wa mraba, kisha uzidishe kwa 2.4, nawe utapata kasi kwa noti (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa). Chombo chenye mita 9 kwenye usawa wa maji kina kikomo cha takriban noti 7.2, na chenye mita 6.25 kina kikomo cha noti 6. Hakuna injini itakayokibadilisha chombo cha namna hiyo kuwa cha kasi, hata ikiwa na nguvu mara tatu.

Chombo cha kuparaza kina umbo jingine. Chini yake ni bapa kuelekea tezi, kingo zake ni kali, na uzito wake ni mdogo kwa urefu wake, kwa hiyo kikipata nguvu ya kutosha hupanda juu ya wimbi lake chenyewe na kuendelea kwa noti 15, 20 au zaidi. Sharti lake ni wepesi. Kikipakiwa samaki, barafu na watu kupita kiasi, hushindwa kupanda, na hapo hugeuka kuwa chombo cha kupasua maji chenye umbo baya kwa kazi hiyo na kiu kubwa ya mafuta.

Kwa chombo cha kupasua maji, nguvu inayohitajika hupanda karibu na mchemraba wa kasi, maana yake ni kwamba kupunguza mwendo kwa asilimia 10 tu huokoa zaidi ya robo ya nguvu. Kilowati 3 hadi 4 kwa kila tani ya uzito wa chombo na mzigo wake hutosha kukifikisha karibu na kikomo chake na kuacha akiba ya kukabiliana na upepo wa mbele. Chombo cha tani 5, kwa hesabu hiyo, kinahitaji kilowati 15 hadi 20, yaani nguvu za farasi 20 hadi 27. Wengi hushangaa kuona idadi hiyo ni ndogo kiasi hicho, na wengi hununua mara mbili yake bila kupata hata noti moja ya ziada.

Rafadha ndiyo inayofanya kazi

Hapa ndipo tofauti kubwa kuliko zote ilipo, ingawa mara nyingi haionyeshwi mahali injini zinapouzwa. Rafadha husukuma chombo kwa kutupa maji nyuma, na ni bora zaidi kutupa maji mengi kwa mwendo wa pole kuliko maji machache kwa mwendo wa kasi. Kwa sababu hiyo, chombo kizito cha mwendo mdogo hutaka rafadha yenye kipenyo kikubwa inayozunguka polepole, na chombo chepesi cha kasi huridhika na rafadha ndogo inayozunguka haraka.

Injini ya kupachika huja na rafadha ndogo. Mguu wake, yaani sehemu inayoshuka majini, umetengenezwa kwa nafasi maalumu, na kati ya mhimili wa rafadha na bamba lililo juu yake hakuna pa kuongeza kipenyo. Giaboksi yake pia kwa kawaida hupunguza mizunguko kwa uwiano wa karibu 2 kwa 1, kwa hiyo injini inayozunguka mara 5,500 kwa dakika huizungusha rafadha karibu mara 2,750. Kwenye boti nyepesi inayoparaza, mpango huo ni mzuri sana. Kwenye chombo cha tani 5, rafadha hiyo huteleza katika maji, huvuta hewa na mapovu, na sehemu kubwa ya nguvu hupotea. Watengenezaji wanalijua jambo hili, ndiyo maana wapo wanaotoa injini za kupachika za msukumo mkubwa, zenye giaboksi inayopunguza zaidi na rafadha pana kidogo. Anayelazimika kutumia injini ya kupachika kwenye chombo kizito atafute hiyo, na akiikosa, angalau aibadilishe rafadha ya kawaida kwa yenye hatua fupi, yaani ile inayosogea umbali mdogo zaidi kwa kila mzunguko.

Dizeli ya ndani haina kizuizi hicho, maana rafadha yake hupewa nafasi inayotakiwa kati ya mkuku na usukani. Injini inayozunguka mara 2,400 kwa dakika ikifungiwa giaboksi ya 3 kwa 1 itaizungusha rafadha mara 800, na rafadha hiyo inaweza kuwa na kipenyo cha nusu mita au zaidi. Kwa uzito uleule na kasi ileile, chombo kitahitaji nguvu ndogo zaidi kwenye shafti, hata kabla hatujaanza kuzungumzia ulaji wa mafuta wa injini yenyewe.

Ulaji wa mafuta

Kwa kila kilowati inayotolewa kwa saa moja, dizeli ndogo ya baharini hutumia takriban lita 0.28, petroli ya mipigo minne takriban lita 0.42, na petroli ya mipigo miwili yenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) takriban lita 0.6. Tuchukue chombo kinachohitaji kilowati 20 kwa safari ya saa 6. Dizeli itatumia lita 34 hivi, mipigo minne lita 50, na mipigo miwili lita 72. Hesabu hii inadhania kwamba rafadha zote tatu zinafanya kazi sawasawa, na tumeshaona kwamba kwenye chombo kizito haziko sawa, kwa hiyo pengo halisi ni kubwa kuliko hili.

Sababu ya injini ya mipigo miwili kula sana ni ya kimaumbile. Tundu la kuingiza na tundu la kutolea moshi huwa wazi kwa wakati mmoja, na mchanganyiko mpya wa hewa na petroli ndio unaotumika kuufukuza moshi, hivyo sehemu ya petroli hiyo, ambayo inaweza kufika robo, hutoka nje bila kuungua. Ule utando wenye rangi za upinde wa mvua unaoelea nyuma ya boti ni mafuta yaliyolipiwa. Marekani ilitoa kanuni mwaka 1996 za kubana moshi wa injini za kupachika, zikaanza kutekelezwa hatua kwa hatua kuanzia injini za mwaka 1998, na hilo ni mojawapo ya mambo yaliyozisukuma kampuni kuelekea mipigo minne.

Inafaa kusema hapa kwamba ubaya huo hautokani na mipigo miwili yenyewe. Meli kubwa za kontena na za mafuta huendeshwa na dizeli za mipigo miwili zinazozunguka chini ya mara 120 kwa dakika, zikiwa zimeunganishwa na rafadha moja kwa moja bila giaboksi, na ufanisi wake hufikia karibu asilimia 50, kiwango ambacho injini ndogo hazikifikii. Huko, moshi hufukuzwa kwa hewa tupu, na mafuta hupulizwa baada ya njia ya moshi kufungwa. Baadhi ya injini za kupachika za mipigo miwili zimetengenezwa kwa kanuni hiyohiyo ya kupuliza petroli ndani ya silinda kwa wakati wake, na ulaji wake hukaribiana na ule wa mipigo minne, ila huhitaji kompyuta, vihisi na fundi mwenye vifaa vya kuusoma mfumo huo.

Mipigo miwili au minne

Ikiwa chombo ni cha injini ya kupachika, bado kuna uamuzi kati ya hizi mbili, na sikubaliani na wanaosema kwamba mipigo minne daima ni bora. Injini ya mipigo miwili ya nguvu za farasi 40 ina uzito wa karibu kilo 70, na mwenzake wa mipigo minne hukaribia kilo 100. Tofauti ya kilo 30 kwenye tezi ya boti ya mita 5 huonekana wazi, kwa sababu tezi huzama, omo hunyanyuka, na watu wawili waliokuwa wakiibeba injini hadi nchi kavu hawaiwezi tena. Mipigo miwili haina valvu za kichwani wala sampu ya oili (bakuli la oili chini ya injini), na fundi wa kawaida anaweza kuifungua na kuirudisha kwa spana chache. Huongeza mizunguko haraka pia, hivyo huipandisha boti juu ya maji kwa muda mfupi.

Udhaifu wake mkubwa uko katika mchanganyiko. Uwiano wa kawaida ni sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, maana yake dumu la lita 25 hupata nusu lita ya oili, na oili hiyo ndiyo pekee inayolainisha pistoni na beringi. Mtu akipunguza oili ili kubana matumizi, au akikisia kwa jicho, pistoni hukwama ndani ya silinda, mara nyingi chombo kikiwa mbali na pwani. Akizidisha, plagi hujaa masizi na injini hukataa kuwaka.

Mipigo minne huitunza oili yake ndani, huunguruma kwa utulivu, na huweza kwenda taratibu kwa muda mrefu bila kuchafua plagi, jambo ambalo ni la thamani kwa anayevuta nyavu au mishipi. Inachodai ni utaratibu: oili ibadilishwe baada ya saa 20 za kwanza na kisha kila saa 100 au kama kitabu chake kinavyoelekeza, filta nazo zibadilishwe, na petroli iwe safi. Ikianguka majini, au chombo kikipinduka, kuiokoa ni kazi kubwa zaidi kuliko kuiokoa ile ya mipigo miwili. Kwa anayefanya safari ndefu kila siku na ana mahali pa kupata vipuri, ningechagua mipigo minne bila kusita. Kwa anayetumia injini saa chache kwa wiki na huibeba begani kila jioni, mipigo miwili bado ina hoja.

Kwa zote mbili, kuna ishara moja ambayo nahodha hapaswi kuacha kuitazama, nayo ni uzi wa maji unaoruka ubavuni mwa injini. Uzi huo huonyesha kwamba impela (kizungushio cha pampu ya maji) inavuta maji ya kupoza. Ukidhoofika au ukawa unakatika, zima injini, inua mguu, na utazame kama tundu la kuvutia maji limezibwa na mwani au mfuko wa plastiki. Kama ni safi, huenda impela imechakaa, na kuendelea na safari ni kuiua injini.

Gharama isiyoonekana ya dizeli ya ndani

Dizeli hushinda kwa mafuta na kwa maisha marefu, lakini haisamehi ufungaji mbaya. Injini lazima ikae juu ya misingi imara iliyoshikamana na mataruma (mbavu za chombo), na shafti yake inyooke na giaboksi. Unyoofu huo hupimwa mahali ambapo sahani mbili zinakutana, ile ya giaboksi na ile ya shafti. Fundi huzisogeza mpaka zigusane, kisha huingiza kipimo chembamba cha chuma juu, chini, kushoto na kulia. Kwa sahani yenye kipenyo cha milimita 100, tofauti ya nafasi kati ya upande na upande isizidi milimita 0.1 hivi. Kazi hii hukamilishwa chombo kikiwa kinaelea, baada ya kukaa majini kwa muda, kwa kuwa bodi, hasa la mbao, hubadilika umbo likitoka nchi kavu. Ukiona fundi anamaliza kila kitu chombo kikiwa bado juu ya magogo, mwombe arudi kupima tena majini, vinginevyo beringi zitaliwa na mtetemo utaanza kulegeza misumari.

Shafti inapotoka nje ya bodi, maji huzuiwa kwa kamba laini yenye grisi inayobanwa na nati. Wengi wanapoona tone la maji hapo huzikaza nati mpaka pakauke kabisa, na hilo ni kosa, kwa sababu matone machache kwa dakika shafti ikizunguka ndiyo yanayoipoza. Ikikauka, huchoma kamba na kuchimba mfereji kwenye shafti. Yanayodondoka yataingia ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, na bombo (pampu) litayatoa.

Adui wa kweli wa dizeli ni maji na uchafu ndani ya mafuta. Nozeli zake, zinazopuliza mafuta ndani ya silinda, zina matundu madogo mno, na tone la maji ya chumvi huzila kwa muda mfupi. Kwa hiyo chombo chenye dizeli kiwe na chujio lenye bakuli la kutenganisha maji, na bakuli hilo likaguliwe kila siku kabla ya kuwasha. Kosa jingine la kawaida ni kuinunua kubwa kupita kazi yake, kisha kuiacha inguruma bila mzigo kwa saa nyingi. Kuta za silinda hung'aa kama kioo, oili huanza kupita, na moshi wa bluu hutokea kabla ya wakati wake. Moshi wenyewe husema mengi: mweusi ni mzigo uliozidi au hewa iliyopungua, wa bluu ni oili inayoungua, na mweupe unaoendelea baada ya injini kupata moto ni mafuta yasiyoungua au maji yanayoingia kwenye silinda.

Uzito nao si mdogo. Dizeli ya nguvu za farasi 40 pamoja na giaboksi yake huwa na kilo 180 hadi 220. Katika chombo cha tani 5 uzito huo, ukikaa chini na karibu na katikati, husaidia uthabiti kama farumi (uzito unaowekwa chini ili chombo kisiyumbe). Katika boti nyepesi ya mita 6, uzito huohuo huua sifa ya kuparaza.

Moto na ufuko

Mvuke wa petroli huwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, na huteremka kwenye ngama na kukaa humo ukisubiri cheche. Dizeli haitoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka ifikie nyuzi 55 hadi 60 hivi. Injini ya kupachika huepuka sehemu ya hatari hiyo kwa kukaa nje, ila madumu ya petroli mara nyingi huwa ndani, karibu na jiko na sigara. Chombo cha abiria kinachobeba petroli nyingi chini ya sitaha iliyofunikwa ni jambo ambalo mimi binafsi nisingelikubali, na kwa chombo cha namna hiyo dizeli ina faida ambayo haipimwi kwa lita.

Kwa upande wa ufuko, injini ya kupachika haina mpinzani. Mguu wake huinuliwa, chombo kikapita kwenye maji ya magoti na kuvutwa mchangani, wakati shafti ya dizeli, hata ikilindwa na mkuku, hutaka kina na mahali pa kutia nanga. Mahali penye maji ya kina kifupi na chombo chembamba, wapo wanaotumia injini ya mkia mrefu, kama ilivyoenea Thailand, ambapo injini hukaa juu ya tezi na shafti ndefu hushushwa majini kwa mkono. Huwa nyepesi kutengeneza na huweza kuwa ya dizeli, ingawa rafadha yake huwa wazi na ni hatari kwa waogeleaji.

Basi mgawanyo ninaoupendekeza ni huu. Chombo chepesi cha kuparaza, kinachovutwa ufukoni na kufanya safari fupi za kasi, kichukue injini ya kupachika, ya mipigo minne kama safari ni nyingi. Chombo cha tani 3 na zaidi, kinachokaa majini na kufanya kazi saa nyingi kwa noti 6 au 7, kichukue dizeli ya ndani, yenye nguvu ya wastani na rafadha pana. Chombo kilicho kati ya hivyo viwili kiamuliwe kwa saa: kadiri injini inavyofanya kazi kwa saa nyingi zaidi kwa mwaka, ndivyo gharama kubwa ya kufunga dizeli inavyorudi haraka kupitia mafuta.

Kabla ya kukabidhiwa kazi, injini yoyote utakayoichagua ijaribiwe chombo kikiwa na mzigo wake wa kawaida, si kitupu. Ipelekwe hadi kikomo cha kasi yake kwa dakika chache na mizunguko yake isomwe. Isipoifikia idadi iliyoandikwa na mtengenezaji, rafadha ni kubwa mno au hatua yake ni ndefu mno, na injini itafanya kazi ikiwa imelemewa maisha yake yote. Ikiipita kwa urahisi, rafadha ni ndogo au hatua yake ni fupi mno, na mtengenezaji wa rafadha anaweza kusahihisha kasoro zote mbili kabla chombo hakijaanza kazi.